Kati ya Land Rover 109 na Noah: Gari Gani Linaifaa Rungwe?

Kwenye vijiwe vya madereva Tukuyu ubishi huu hauishi: gari la zamani na gari la siku hizi, lipi ndilo gari? Upande mmoja wako wanaoamini kwamba magari ya kweli yaliacha kutengenezwa zamani, na kwamba haya ya leo ni plastiki na nyaya. Upande wa pili wako wanaoona Land Rover kuukuu kuwa ni kelele, moshi na kiu ya mafuta, na kwamba anayeing'ang'ania amekosa tu fedha za kununua jingine. Wote wana hoja. Kasoro yao ni moja: wanalizungumzia gari kana kwamba linajitegemea.

Gari halijitegemei. Linaishi kwa barabara, kwa mafuta, kwa spea na kwa mikono ya fundi. Ndiyo maana wilaya ya Rungwe ni mahali pazuri pa kuupima ubishi huu. Barabara kuu ya lami inatoka Uyole, jijini Mbeya, inapanda Isongole kwenye baridi na mashamba ya viazi, inashuka Kiwira, inaingia Tukuyu kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,500, kisha inateremka hadi Kyela na mpaka wa Malawi pale Kasumulu. Huko chini, Ziwa Nyasa liko kwenye kimo kisichofika mita 500. Kwa hiyo gari linalotoka Tukuyu kwenda ziwani linashuka zaidi ya mita 1,000 katika safari fupi. Kushoto na kulia mwa lami hiyo zinachepuka njia za kwenda Mwakaleli, Lwangwa, Masoko na Ikuti, na nyingi zinapita kwenye udongo wa volkano. Miteremko ya kusini ya Mlima Rungwe hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo huo ukishalowa unateleza kama sabuni.

Kwa siku moja, basi, gari la Rungwe hukutana na lami, tope, ukungu, mlima na mteremko mkali. Katika uchambuzi huu nalinganisha magari mawili ambayo wasomaji wengi wa nyanda hizi wanayajua: Land Rover 109 kwa upande wa kale, na Toyota Noah, pamoja na ndugu zake waliotoka Japani, kwa upande wa kisasa. Msimamo wangu nautanguliza. Likiwa zima, gari la kisasa linalishinda la kale karibu kwa kila kipimo. Likiharibika, mizani inapinduka. Umri wa gari haupaswi kulaumiwa kwa hilo. Tatizo ni kwamba gari lenyewe limefika Rungwe, lakini ujuzi wa kulitengeneza haujafika wote.

Gari lililoundwa kwa ajili ya mahali pasipo barabara

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilipatikana kwa mgao, ila alumini iliyokuwa ikitumiwa na viwanda vya ndege ilikuwepo ya kutosha. Waundaji wakachukua walichokuwa nacho: bodi ya aloi ya alumini juu ya chasisi ya chuma. Mwaka 1956 ikatoka yenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na namba hiyo ndiyo imekuwa jina lake kwetu hadi leo. Iliendelea kuboreshwa kwa awamu, mwaka 1958, 1961 na 1971, mpaka utengenezaji wake ulipokoma mwaka 1985.

Injini yake iliyoenea zaidi ina ujazo wa sentimita mchemraba 2,286, iwe ya petroli au ya dizeli. Ya dizeli inatoa nguvu za farasi 62 hivi, na ya petroli inazidi kidogo 70. Kwa vipimo vya leo hizo ni nguvu ndogo sana. Lakini hebu ingia kwenye kabini utazame sakafuni. Kando ya gia kuna kifimbo kifupi chenye kichwa cha njano: ukikibonyeza chini, magurudumu ya mbele nayo yanaanza kuvuta. Jirani yake kuna kingine chenye kichwa chekundu: ukikivuta, gari linaingia gia nzito, injini inazunguka sana na magurudumu yanazunguka polepole, kwa nguvu iliyozidishwa. Hakuna umeme wala kompyuta hapo. Ni chuma kinachosukuma chuma, na dereva anayasikia mkononi meno ya gia yanapokutana. Betri ikifa, hendeli inachomekwa mbele ya rejeta na injini inawashwa kwa nguvu za mkono.

Kwa waliokua miaka ya 1960 na 1970, Land Rover ilikuwa ndiyo sura ya serikali inapoingia kijijini: mkuu wa wilaya, bwana shamba, mganga wa chanjo, padri na mchungaji, wote walifika nayo. Kisha ikaja dhiki. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, ikapanda tena 1979. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala fedha za kigeni, na spea zikawa adimu nchi nzima. Ni katika miaka hiyo mafundi wetu walipojifunza kuchonga bushi kwenye mashine ya kukerezea vyuma, kuchomelea chasisi iliyoliwa na kutu, na kuliazima gari moja kifaa cha jingine. Land Rover 109 iliupokea ufundi huo kwa sababu kila kitu chake kinafunguka kwa spana na kinaonekana kwa macho. Uimara tunaousifu leo ulikuwa nusu wa gari na nusu wa mafundi. Walioudumisha ni wanadamu, na mara nyingi tunasahau kuwataja.

Gari la kisasa linalotufikia

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Kadiri milango ya biashara ilivyofunguka katika miaka iliyofuata, magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika. Sababu ya wingi wao iko huko huko Japani. Kule gari jipya hukaguliwa na serikali linapotimiza miaka mitatu, halafu kila baada ya miaka miwili, na kulipitisha gari kuukuu kwenye ukaguzi huo ni gharama. Wajapani wengi huona afadhali kuuza. Gari ambalo mwenyewe amelichoka bado lina maisha marefu mbele yake, na maisha hayo yanakuja kuishia kwetu.

Kwa hiyo gari la kisasa la Tukuyu, kwa kawaida, ni gari ambalo Japani tayari limeshazeeka. Mamlaka ya Mapato imekuwa ikitoza ushuru wa nyongeza kwa uchakavu: gari dogo la miaka 8 hadi 9 huongezewa asilimia 15, na la miaka 10 na zaidi asilimia 30, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. Hata hivyo wengi huagiza hilo la miaka 10 na zaidi, kwa sababu bei yake ya kununulia ni ndogo. Mtaani umri wa gari hupimwa kwa herufi ya namba ya usajili, na mwenye namba E hutazamwa kwa heshima kuliko mwenye namba B, hata kama magari yote mawili yalitoka kiwandani mwaka mmoja.

Noah yenyewe inatupa somo zuri, kwa maana inatufikia kwa vizazi viwili. Ile tunayoiita ya zamani, iliyotengenezwa kati ya 1996 na 2001, ina injini ya lita 2 iliyo chini ya viti vya mbele na inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Iliyofuata, kuanzia 2001, ilileta injini ya D-4, ambayo petroli yake hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa. Kwa karatasi, ya pili ni bora: ina nguvu zaidi na imeundwa itumie mafuta kidogo zaidi. Lakini muulize dereva yeyote wa Mbeya au Tukuyu kuhusu D-4, utamwona anakunja uso. Pampu yake ya shinikizo haivumilii petroli chafu, na mafundi wanaoielewa vizuri ni wachache. Kwa sababu hiyo Noah ya zamani ilibaki na wapenzi wengi hata baada ya iliyo mpya zaidi kupatikana. Watu wale wale wanaoisifu Toyota waliichagua Toyota ambayo fundi wa jirani angeweza kuifungua.

Barabarani

Tuanze na lami, ambako hakuna ubishi. Kutoka Mbeya hadi Tukuyu ni kilometa 70 hivi. Noah inazimaliza kwa utulivu, abiria wakizungumza bila kupaza sauti. Land Rover 109 inazimaliza kwa ngurumo, na kwenye mlima wa Isongole dereva anarudisha gia hadi ya pili huku malori yakimsubiri nyuma. Hewa ya kimo kile ni nyepesi, na injini ya kabureta haina namna ya kulijua hilo: inaendelea kupokea petroli ileile kwa hewa iliyopungua, nguvu inashuka na moshi mweusi unatoka. Injini ya Noah ina sensa inayopima hewa na kompyuta inayopunguza petroli kulingana nayo. Milima ni mahali ambapo kompyuta ya gari inastahili shukrani.

Chepuka sasa kutoka Katumba kuelekea Mwakaleli na Mbambo. Lami imekuwa ikiwekwa huko kwa vipande, na ilipowekwa maisha yamebadilika. Nje ya vipande hivyo, hasa Machi na Aprili, habari ni nyingine. Tumbo la Noah liko sentimita 15 hivi kutoka ardhini, la Land Rover linazidi 20. Mifereji ya magurudumu iliyochimbwa na malori ya chai inaikalisha Noah kwa tumbo. Mia na tisa inaingia gia nzito, inayumba, inatupa tope, na inatoka. Noah zenye kuvuta kwa magurudumu manne zipo, lakini kuvuta si sawa na kuinuka: gari lililolala kwa tumbo halisaidiwi na magurudumu manne yanayozunguka hewani.

Mzigo nao una maneno yake. Majani mabichi ya chai yakishachumwa huanza kubadilika, na yanapaswa kufika kiwandani ndani ya saa chache. Maziwa nayo hayangoji. Kwa mazao hayo, gari zuri ni lile linalofika leo, na kwenye njia za ndani mara nyingi hilo huwa gari gumu la zamani, trekta au lori. Parachichi ni kinyume chake. Rungwe sasa inauza parachichi nje ya nchi, na tunda lililogongwa njiani linaoza kabla ya kufika sokoni. Springi za 109 ni vipande bapa vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Zinabeba tani moja bila kulalamika, lakini zinatingisha kila kilicho juu yake. Kwa mkulima wa parachichi, springi laini za gari la kisasa si anasa, ni sehemu ya bei atakayolipwa.

Gari likizima njiani

Hapa ndipo mambo yanapobadilika. Land Rover ya petroli ikizima kwenye mvua, mara nyingi chanzo ni maji yaliyoingia kwenye distributa. Dereva anafungua boneti, anakitoa kifuniko, anakipangusa kwa kitambaa kikavu, anazisugua pointi kwa msasa, anasafiri. Pampu ya petroli ikichoka inafunguliwa palepale. Hata utingo aliyeishia darasa la saba anaweza kujifunza kazi hiyo kwa kumtazama dereva, na wengi wa mafundi wetu walianza hivyo.

Noah ya zamani inasimama katikati. Katika gereji moja ya Tukuyu nilimtazama fundi akishughulika na Noah iliyokuwa ikinywa mafuta kupita kiasi, taa ya injini imewaka kwenye dashibodi. Hakuwa na mashine yoyote. Alikata kipande cha waya, akakikunja, akaunganisha matundu mawili kwenye kisanduku kidogo cha plastiki kilicho karibu na injini, kisha akawasha swichi bila kupiga stata. Taa ikaanza kupepesa: mara mbili, ikatulia, mara mbili tena. "Mzee, usinunue pampu," akamwambia mwenye gari. "Hii ni ishirini na mbili. Sensa ya joto la maji imekufa, gari linadhani liko kwenye baridi muda wote, ndiyo maana linajimiminia petroli." Sensa ikabadilishwa na gari likapona.

Waya ule unastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu unakanusha imani iliyoenea kwamba kompyuta na fundi wa kawaida hawapatani. Waundaji wa gari lile waliamua kwamba kompyuta itaeleza ugonjwa wake kwa yeyote anayejua kuuliza, na fundi yule alijua kuuliza. Magari ya baadaye yaliacha lugha ya taa. Yanasomwa kwa mashine inayochomekwa chini ya usukani, na mashine ya bei nafuu husoma sehemu tu ya habari. Mengine hata yakibadilishiwa kifaa hukataa kukipokea mpaka kiandikishwe kwa programu ya kiwanda. Land Rover Defender mpya, iliyozinduliwa mwaka 2019 kumrithi mzee aliyestaafishwa kiwandani Januari 2016, inapokea marekebisho ya programu kwa njia ya mtandao kama simu. Ni gari la ajabu: linavuka maji ya sentimita 90 na lilipata nyota tano katika majaribio ya usalama ya Ulaya. Lakini likikwama Kandete kwa hitilafu ya kompyuta, litangoja gari la kulivuta.

Fundi asiye na mashine wala mafunzo hufanya nini akiletewa gari la aina hii? Anabahatisha. Anabadilisha kifaa kimoja, taa haizimiki, anabadilisha kingine. Mwenye gari analipia vifaa vitatu vizima ili kupata kimoja kibovu. Mwishoni taa ya onyo inaondolewa balbu ili isisumbue macho, na gari linauzwa kwa mwingine. Huu ndio uharibifu mkubwa wa magari ya kisasa wilayani kwetu, na hausababishwi na ubovu wa magari.

Pesa mfukoni

Kwa mafuta pekee, 109 ya petroli hutembea kilometa 6 hivi kwa lita, na Noah 10 hivi. Safari ya Mbeya hadi Tukuyu, basi, ni lita 12 kwa moja na lita 7 kwa nyingine. Anayesafirisha abiria kila siku kwenye lami akitumia 109 anachoma faida yake hadharani. Hesabu hii haina huruma, na ndiyo iliyoziondoa Land Rover kwenye barabara kuu mapema.

Kwenye njia za ndani hesabu hufanywa vingine. Mkulima wa viazi haulizi lita kwa kilometa, anauliza gharama ya kulifikisha gunia barabarani. Kama Noah haifiki shambani, gunia litabebwa kichwani au kwa bodaboda hadi Noah ilipo, na gharama hiyo huwa haionekani kwenye mjadala wa mafuta. 109 inayobeba tani moja kutoka shambani moja kwa moja inaweza kuwa nafuu kwa gunia hata ikiwa ghali kwa kilometa.

Matengenezo nayo yana sura mbili. Gari la zamani hudai kidogo kidogo na kila wakati: mafuta yanavuja, bushi zinalegea, bodi ya alumini hailiwi na kutu lakini chasisi iliyo chini yake inaliwa, na mvua zetu zinaifanya kazi hiyo kwa bidii. Gari la kisasa hukaa kimya miaka kadhaa, kisha hudai fedha nyingi siku moja. Mwenye kipato cha msimu, anayepata fedha wakati wa mavuno tu, hulimudu zaidi deni linalokuja vipande vipande. Mwenye mshahara hulimudu zaidi gari lililo kimya. Ushauri wa kununua gari usiomuuliza mtu anapata fedha zake lini ni ushauri nusu.

Usalama

Wapenzi wa magari ya kale hupenda kusema kwamba chuma kizito kinalinda. Hapana. Chasisi ya 109 haikunjiki inapogonga, kwa hiyo nguvu ya mgongano inaingia kwenye miili ya waliomo. Usukani wake ni nondo iliyonyooka kuelekea kifuani mwa dereva. Abiria wa nyuma wanakaa kwenye mabenchi ya pembeni wakitazamana, bila mikanda. Gari la kisasa limeundwa ili pua yake ijikunje na kuumeza mshtuko, mikanda ikaze, na mifuko ya hewa ifunguke. Linaweza kuonekana limesagika kabisa, na watu wakatoka wazima. Kusagika huko ndiko kulikowaokoa.

Mteremko wa kwenda Kyela unatuonyesha upande mwingine. Breki za 109 ni za dramu kwenye magurudumu yote manne, nazo zikipata joto kwa kukanyagwa mfululizo hupungua nguvu. Madereva wa zamani walilijua hilo, wakashuka kwa gia ileile ambayo wangepandia, injini ikilizuia gari. Noah ina breki bora za diski mbele, lakini wengi huiendesha kwa gia ya D tu, na wapo wanaoweka free ili kuokoa mafuta, mguu ukiwa kwenye breki njia nzima. Hapo hata breki bora huchemka. Alama za 2 na L kwenye gia ya otomatiki zimewekwa kwa ajili ya miteremko kama hii, na shule zetu za udereva zinapaswa kuzifundisha kwa msisitizo uleule wa alama za barabarani. Gari la kisasa lina usalama zaidi, lakini halimrithishi dereva busara ya gari la kale. Busara hiyo inabidi ifundishwe.

Ukale kama urithi

Huko nje gari la kale lina hadhi ya pekee. Shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, FIVA, huliita gari la kihistoria pale linapofikisha angalau miaka 30, limetunzwa katika hali yake ya asili, na halitumiki kwa usafiri wa kila siku. Uingereza husamehe kodi ya barabara na ukaguzi wa mwaka kwa magari ya zaidi ya miaka 40. Kwetu umri hutozwa ushuru bandarini, na 109 ya Rungwe isingekubaliwa na FIVA kwa sababu asubuhi inabeba viazi. Sioni aibu katika hilo. Gari linalofanya kazi iliyokusudiwa na waliolitengeneza, zaidi ya miaka 40 baadaye, limepewa heshima ambayo makumbusho haiwezi kuipa.

Arusha imeonyesha njia ya kuunganisha mambo haya mawili. Oktoba 2024 Land Rover zaidi ya 1,000 zilikusanyika huko, kwa lengo la kuivuka rekodi ya msafara wa magari 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018. Nyingi zilikuwa magari ya kazi: ya watalii, ya wafugaji, ya wachimbaji. Mbeya na Rungwe, zenye Ziwa Ngosi, Daraja la Mungu na Ziwa Masoko, zinaweza kulitumia gari hili kuwapeleka wageni pale basi lisipofika, zikaingiza fedha na kuwalipa mafundi wanaolijua.

Rungwe ifanye nini

Hukumu yangu haiwezi kuwa moja kwa wote, kwa kuwa barabara si moja. Kwa abiria wa lami, gari la kisasa, na mjadala ufungwe: maisha ya watu hayawekwi rehani kwa mapenzi ya chuma. Kwa mzigo wa njia za ndani, 109 na wenzake waachwe wafanye kazi, kwa masharti: breki zikaguliwe, chasisi ichunguzwe kutu, mikanda ifungwe mbele, na watu wasipandishwe juu ya mzigo. Kadiri TARURA, iliyopewa barabara za vijijini tangu 2017, inavyoziboresha njia hizo, ndivyo kazi ya Land Rover itakavyopungua yenyewe bila kulazimishwa.

Kazi kubwa iko kwenye ujuzi. Mafundi wa Tukuyu wengi ni vijana, na sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha mafundi kinaweza kuomba mkopo huo kikanunua mashine moja nzuri ya kupimia magari na kuitumia kwa zamu. VETA na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya wako umbali mfupi: kozi za wiki chache za sensa, umeme wa magari na injini za kisasa, zinazofundishwa kwa Kiswahili kwa fundi aliyeko kazini, zingeokoa fedha nyingi zinazopotea kwa kubahatisha.

Sheria nayo ina sehemu yake. Afrika Kusini, kuanzia Julai 2021, ina miongozo ya ushindani inayowataka watengenezaji wa magari wawaachie mafundi wa kujitegemea taarifa za matengenezo na vipuri. Tume yetu ya Ushindani ina msingi wa kuanzisha mjadala huo hapa. Na mnunuzi mwenyewe, kabla ya kutuma fedha Japani, aende kwanza gereji na kumuuliza fundi wake swali moja: hili likizima Masoko usiku, utaliweza? Jibu la fundi lizidi uzito wa picha za mtandaoni.

Wazee wetu waliifanya Land Rover iwe gari la Rungwe kwa kuijua hadi mfupa wa mwisho, tena katika miaka ambayo hata nati ilikuwa shida kupatikana. Magari ya leo yanahitaji kujulikana vivyo hivyo, na vijana wa kuyajua tunao. Kuwapa mafunzo na vifaa ni uwekezaji mdogo kuliko fedha tunazopoteza kila mwezi kwa vifaa vilivyobadilishwa bure.